Usalama kwa Kura

Waingereza ni watu wa taratibu. Ukitaka kuomba hifadhi kwao, sharti uwe umeshakanyaga ardhi yao. Viza ya kwenda kuomba hifadhi, hawatoi. Basi ukivuka bahari kwa boti ya mpira unaulizwa kwa ukali: mbona hukupita mlangoni?

Mwaka 2022 wakapata dawa. Mwombaji apakiwe kwenye ndege hadi Rwanda, kesi yake isikilizwe huko, na akishinda abaki huko huko. Ndege ya kwanza ilizuiwa usiku wa safari, Juni mwaka huo. Novemba 2023 majaji watano wa Mahakama ya Juu wakasema kwa kauli moja kwamba Rwanda si salama kwa kazi hiyo, maana mtu aweza kujikuta amerudishwa kule kule alikokimbia.

Serikali ikasaini mkataba mpya, kisha ikaenda bungeni. Aprili 2024 ikatoka na sheria: Rwanda ni salama, na kila jaji aione hivyo. Ajabu ni kwamba Bunge lenye uwezo huo bado halijapiga kura mvua ikome London.

Julai chama kingine kikashika dola, mpango ukafutwa, na waziri mpya akataja gharama: pauni milioni 700. Waliofika Kigali? Wanne, tena kwa hiari yao, baada ya kuahidiwa hadi pauni 3,000 kila mmoja. Ukigawanya, ni pauni milioni 175 kwa abiria. Hata Mfalme Charles hajakatiwa tiketi ya bei hiyo.