Kibaki Bado Yuko Ikulu

Kila asubuhi nikifungua kibanda changu cha fotokopi hapa Baba Dogo, kompyuta hunikaribisha kwenye usiku wa manane wa tarehe 1 Januari 2009. Nje makanga wanaita abiria wa Lucky Summer. Ndani, kwa mujibu wa mashine, Kibaki bado yuko Ikulu na mimi bado nina nywele.

Mwanzoni nilikuwa nairekebisha kwa mkono. Siku niliyosahau, nilimpigia dada mmoja barua ya kuomba kazi kiwandani. Alirudi nayo kabla ya chai ya saa nne. Askari wa geti alikuwa amemwuliza kama barua imetembea kwa miguu tangu 2009.

Ikafika wiki ya mwisho ya Juni. Kenya nzima hukumbuka ritani za KRA wiki hiyo, maana mwisho ni tarehe 30. Foleni imefika kwa mama mboga, na kila ukurasa ninaofungua unagoma: saa yako iko nyuma. Tovuti salama huwa na cheti chenye tarehe ya kuanza na ya kwisha. Kwa kompyuta inayoishi 2009, cheti cha mwaka huu ni kitambulisho cha mtu ambaye hajazaliwa.

Fundi wa kwanza alitazama kioo, akatikisa kichwa kama daktari. "Buda, hii ni virusi." Akafuta kila kitu, akaweka Windows upya, akachukua elfu moja na mia tano. Kesho yake asubuhi: 2009.

Aliyeniokoa ni mzee wa kutengeneza saa za mkono kando ya barabara. Hakuigusa hata kibodi.

"Hupotea mchana au usiku?"

"Usiku, mzee."

"Na usiku unaizima wapi?"

Nikanyamaza. Huwa naizima ukutani, ili tokeni zisiishe.

Akafungua kasha. Vumbi, mende aliyekauka, na pale chini kidude cha duara kama sarafu: CR2032, upana milimita 20, unene 3.2, volti 3. Stima ikikatwa, hicho ndicho hulisha saa ya ndani, yenye kipande cha kwatsi kinachotetemeka mara 32,768 kwa sekunde. Changu hakikuwa na nguvu ya kutetemesha hata huyo mende. Akabana kishikizo kwa ukucha, betri ikaruka, akatia mpya. Shilingi mia moja. Ile elfu na mia tano sitaki kuizungumzia.

Nikaweka tarehe, nikaiachia intaneti imalizie. Ikarudi nyuma saa mbili! Nusura niivunje, kumbe yule daktari wa virusi alikuwa ameiacha kwenye majira ya London, na mwezi Juni wao wako nyuma yetu kwa saa mbili.

Kabla sijabadilisha, mama mboga akachungulia dirishani, akitaka kujua foleni itamwondokea lini pale kwenye sukuma wiki zake. Akasoma kioo: 9:00.

"Baba Ian, si hii ni saa tano? Mashine yako inasema tisa. Saa tisa watoto wanatoka shule. Sasa iko nyuma ama iko mbele?"

Foleni nzima ikanigeukia, ikingoja jibu.