Muvi ya Kimya, Nyumba ya Kelele

Tatizo la filamu ya kutisha ikifika sehemu ya pili ni kwamba zimwi limeshatujua, nasi tumeshalijua, na zimwi likujualo halikuli likakwisha. Mara ya kwanza unaogopa usichokiona. Mara ya pili umeshayaona meno yake, umeshajua linauliwaje, kilichobaki ni kukisia nani ataliwa kabla ya nani. Kwa hiyo nilikaa kuitazama sehemu ya pili ya A Quiet Place kwa matumaini ya mtu aliyeitwa kula kiporo.

Kwa asiyeijua, ya kwanza ilitoka 2018. Viumbe vimeshuka duniani, havioni hata kidogo, ila masikio yao ni balaa. Ukikohoa, umekwisha. Familia moja huko mashambani Marekani inaishi pekupeku, inatembea juu ya njia ya mchanga iliyoimwaga yenyewe, na inaongea kwa lugha ya alama, ambayo ilishaizoea kwa sababu binti yao, Regan, ni kiziwi. Millicent Simmonds anayemwigiza ni kiziwi kweli. John Krasinski aliiongoza na kuigiza baba. Mama ni Emily Blunt, ambaye ni mkewe hata kamera zikizimwa. Iligharimu dola milioni 17 hivi ikaingiza zaidi ya milioni 300, na hesabu ya namna hiyo haiachi zimwi lipumzike. Ya pili ilikuwa itoke Machi 2020, korona ikaifungia ndani kama ilivyotufungia sote, ikaingia kumbini Mei 2021.

Ile ya kwanza tuliiona kwa flashi, na ilikuwa ya DJ, anayeitafsiri kwa Kiswahili huku picha zinakwenda. Ufundi huu wa kutafsiri muvi tunaujua tangu enzi za mtafsiri Lufufu, na mimi ni mpenzi wake. Lakini DJ analipwa kuongea, na filamu yenyewe karibu haina maneno, kwa hiyo maskini alibaki na uwanja mzima peke yake. Akayapa majitu jina, Masikio. Akawatungia mume na mke ugomvi wa ndoa. Baba akinyoosha vidole viwili, DJ anatoa hotuba ya nusu dakika. Kwa maneno aliyowatilia mdomoni, familia ile ilipaswa kuliwa yote kabla jina la filamu halijaandikwa. Shangazi yangu aliipenda mno, kisha akatoa hukumu yake: "Lakini sisi huku tungekwisha kabla ya adhuhuri."

Sikuwa na hoja ya kumpinga. Tunapanga upande mmoja wa nyumba, Dar es Salaam, mtaa ambao ukimya ukitokea watu hutoka nje kuuliza kuna nini. Muuza kahawa anagonganisha vikombe. Bodaboda ya jirani haina ekzosi. Juu ya bati kuna mapaka wenye mambo yao ya ndani ambayo hawayafichi. Viumbe wale wangeshuka kwetu wangekufa kwa kuchanganyikiwa tu, hawajui waanze na nani.

Ya pili, shemeji yangu aliapa hatuangalii na DJ. Aliitafuta yenyewe, akaunganisha sabufa yake mpya, akatupanga sebuleni kama kwenye kikao cha harusi. Shangazi alikaa karibu na meza, mbele yake sinia la chai ya tangawizi na bakuli la karanga. Mimi nilikaa karibu na shangazi, na hilo lina habari yake.

Filamu inaanza kwa kurudi nyuma, siku ya kwanza kabisa ya maafa. Mji mdogo, mchana wa jua, baba anaingia dukani, watoto wanacheza besiboli, watu wanapiga kelele za furaha. Hapo ndipo Krasinski alipoonyesha akili, maana sisi watazamaji tuliofundishwa kuogopa sauti tunakaa tukiumia kwa kila kicheko. Tunajua. Wao hawajui. Kitu kinapita angani kinawaka moto, watu wanaanza kuondoka uwanjani kwa adabu, halafu mtaa mzima unalipuka mbio.

Katikati ya vurugu zile kamera inamfuata Regan, na filamu inatusikilizisha kama anavyosikia yeye. Yaani sauti yote inakatika. Magari yanagongana bila kishindo, watu wanapiga mayowe bila mayowe.

"Sabufa imekufa," akasema shemeji.

Akachukua rimoti. Akaongeza. Kimya. Akaongeza tena, akagongagonga mgongo wa rimoti, akaongeza mpaka mwisho wa namba. Ndipo filamu ikamwacha Regan, sauti ikarudi yote kwa pamoja. Vyombo vya kabatini vikapiga makofi. Shangazi aliruka na sinia, yeye akashuka, chai haikushuka naye. Ilikuja kwangu, pajani, na tangawizi yake yote. Ukelele nilioutoa ungemwita Masikio kutoka Kibaha.

Hodi ikapigwa. Mama mwenye nyumba: "Jamani, nyie watu, mnataka kunibomolea ukuta?"

Tukamwomba radhi, akabaki mlangoni kuhakikisha tunapunguza. Kwenye skrini familia imeshaondoka shambani, baba ameshafariki katika ile ya kwanza, kichanga kimo ndani ya sanduku na mtungi wake wa oksijeni ili kilio kisitoke. Mama mwenye nyumba akauliza, "Huyo mtoto sandukuni wa nani?" Akaelezwa. Akavuta kiti cha plastiki, kikalia juu ya marumaru mpaka meno yakauma, sote tukamgeukia na kusema "Shhh!" Mwenye nyumba wetu, ambaye kodi yake ilikuwa imeshaanza kuulizwa.

Nguvu ya filamu hii iko hapo. Ilijua kwamba zimwi halitutishi tena, ikaacha kulitegemea. Inatutisha kwa kiti, kwa mlango, kwa chupa. Marcus, mtoto wa kiume, anakanyaga mtego wa chuma na mguu wake unabanwa, mama anamziba mdomo, sote tumekata pumzi, na dirishani kinapita kipaza sauti cha machinga: dawa ya panya, mende, kunguni, dawa ya panya. Shangazi akanong'ona, "Huyo wa nje wamle."

Baadaye hadithi inagawanyika mara tatu. Regan anaondoka na Emmett, jirani wa zamani anayeigizwa na Cillian Murphy, kutafuta kisiwa kinachorusha wimbo redioni. Mama anakwenda mjini kutafuta dawa na oksijeni. Marcus anabaki na kichanga ndani ya tanuri la kiwanda cha chuma, ambalo mlango wake ukijifunga hewa inaisha. Hapo kuna ufundi, mikasa mitatu inapigana vikumbo bila kukuacha upumue. Wale watu walioharibika akili wanaowavamia Regan na Emmett bandarini, hata hivyo, wamewekwa kwa haraka, hawana jina wala sababu. Na kuna Djimon Hounsou, mzaliwa wa Benin. Shangazi alipomwona tu kisiwani aliketi vizuri, "Ee, wetu huyu!" Hata karanga hakumaliza kutafuna, wetu keshauawa. Kwa hilo simtetei Krasinski.

Mwishoni Regan anakiweka kifaa chake cha kusikia kwenye maikrofoni ya kituo cha redio, mlio unaowatesa viumbe unaruka mpaka kule alikojificha mdogo wake, watoto wawili walio mbali wanapambana kwa wakati mmoja, na paap, giza.

"Umeme!" tukasema wote.

"LUKU nimeweka jana, msinisingizie," akajibu mama mwenye nyumba, kabla majina hayajaanza kupanda.

Ukaanza ubishi. Je, mama na binti watakutana? Nikawaambia ile ya 2024 haijibu swali hilo, inarudi tena siku ya kwanza, safari hii New York, na mhusika mkuu ni Lupita Nyong'o, anatembea na paka mji mzima. Nikaongeza kwamba Lupita mwenyewe alikuwa anaogopa paka kabla ya filamu hiyo.

"Na huyo paka halii?" akauliza shangazi.

"Halii."

Akatazama juu, batini, walikokuwa wameshaanza. "Muongo huyo paka," akasema. "Itafute. Lakini ya DJ."