Mrithi Aliyepunguziwa Urithi

Nvidia ilipotoa kadi ya michoro ya RTX 4060 mwaka 2023, wanunuzi walitarajia iizidi iliyoitangulia. Nayo ikazidi, hata kwa ubahili: RTX 3060 ya mwaka 2021 ilikuja na memori ya GB 12 na njia ya data ya biti 192, mrithi akaambulia GB 8 na biti 128. Watetezi watasema mpya ina kasi zaidi, inakula wati 115 badala ya 170, na akiba yake ya ndani (cache) imepanuliwa ili kufidia. Ni kweli. Lakini akiba hupunguza safari za data, haiongezi nafasi ya kuihifadhi. Mchezo ukidai GB 10, picha zitakwamakwama. Mnunuzi, soma kwanza ukubwa wa memori, namba ya toleo baadaye.