Baraza la Kijiji cha Mwili

Katika kijiji cha Mwili hakuna aliyesifiwa kama Moyo. Ndiye mpiga ngoma, halali usiku wala mchana, na ngoma yake ikilia wachukuzi wa damu hushika njia na mizigo yao. Jirani zake ni Mapafu, mapacha wasiofanana: wa kulia ana vyumba vitatu, wa kushoto viwili, maana alikubali kubanana ili Moyo apate nafasi. Bondeni wanaishi wazee wawili ambao baraza huwasahau: Bi Kano, msokota kamba, na Mzee Mfupa, mwashi.

Kwa miaka mingi kijiji kilikaa tu. Kilikaa ofisini, kikakaa kwenye daladala, kikakaa mbele ya televisheni. Kisha mwenyekiti, Bwana Akili, akasikia habari za mbio za Kilimanjaro zinazofanyika Moshi kila mwaka. Akatangaza: "Kesho alfajiri tunakimbia kilomita 5, hakuna kusimama."

Hawakufika mbali. Mapafu waliwaka moto, Moyo akapiga ngoma hadi mikono ikafa ganzi, na siku ya pili Bi Kano alishuka ngazi kwa kujikokota, ameshika ukuta. Akili akaamua kwamba Mwili si kijiji cha wakimbiaji, na viatu vikarudi uvunguni. Vijiji vingi huishia hapo, na inauma, kwa sababu mbio hazikuwashinda. Kilichowashinda ni kasi waliyoanza nayo.

Bahati yao akapita msafiri. Aliwaeleza kwamba mwaka 1996 Mmarekani mmoja, Josh Clark, alipanga ratiba ya wiki 9 kwa ajili ya mama yake, mtu wa makamo. Mbio ni siku tatu kwa wiki, na kati yake mapumziko. Wiki ya kwanza wanatembea kwa haraka dakika 5, kisha wanakimbia sekunde 60 na kutembea sekunde 90, zamu kwa zamu, mpaka dakika 20 zitimie.

"Sekunde 60?" Msuli wa Paja aliguna. "Hata kuku hukimbia zaidi ya hapo!"

"Kijana," msafiri akamjibu, "nimepita Iten kule Kenya, mita 2,400 juu ya usawa wa bahari, wanakoishi mabingwa wa mbio. Asubuhi ya mazoezi mepesi huanza taratibu mno."

Kutoka bondeni ikasikika sauti ya Mzee Mfupa: "Nipeni hizo 60. Zinanitosha."

Kipimo cha mwendo akapewa Mdomo: aende akisalimia watu njiani. Akiweza kuuliza habari za nyumbani, za watoto na za kazi pumzi isikatike, mwendo ni huo huo. Akiishia kwenye "habari", wapunguze.

Wiki ya nne Moyo alikuwa amenawiri. Kila pigo lilisukuma damu nyingi kuliko zamani, na ndani ya misuli vilikuwa vinachimbwa vichochoro vipya vya kuipitisha. "Jamani, mimi niko tayari," akasema. "Leo tumalize kilomita zote 5." Wala hakusema uongo. Nguvu zilimfikia yeye kwanza, za wenzake zikawa bado zimo njiani. Hapa ndipo wanaoanza mbio huumia: pumzi imekuwa nyepesi, wanadhani mwili mzima umekubali.

"Njoo uone," Mzee Mfupa akamwita.

Moyo akashuka hadi kwenye muundi. "Shikamoo, Mzee."

"Marahaba. Tazama ukuta huu."

Ukutani vibarua walikuwa wanatoboa vishimo vidogo, na vumbi jeupe likidondoka. Moyo akashtuka. "Mnabomoa? Si tunajenga?"

"Tunang'oa palipochoka, ndipo tujenge papya penye nguvu zaidi. Kung'oa ni kazi ya wiki chache, kujaza ni kazi ya miezi. Ukinitwika kilomita 5 za kasi leo, utanikuta mashimo yako wazi." Akamwonyesha mahali upana wa kidole. Moyo alipopabonyeza, kijiji kizima kilisikia maumivu.

Bi Kano hakuacha kusokota. "Na mimi, baba, damu hunifikia kidogo kidogo. Ninyi wa juu mkishiba, sisi bado tunangoja sahani."

Wakairudia wiki ya nne, hakuna aliyeona aibu. Mambo yakaanza kubadilika pasipo kelele. Ngazi za ofisini zikapandwa bila kuhema. Usingizi ukawa mzito. Mwili ukitulia, ngoma ya Moyo ililia mara chache kwa dakika, na kazi ikawa ile ile. Akili naye, aliyezoea kuamka na kinyongo, akawa anavaa viatu kabla ya kushika simu.

Hawakumaliza kwa wiki 9, walichelewa. Lakini asubuhi moja dakika 30 zilipita mfululizo, na Mdomo alimsalimia muuza maziwa, mama wa vitumbua na walinzi wawili wa benki, akangoja hata kuitikiwa.

Akili alifurahi sana. Jioni akaitisha baraza: "Sasa tujiandikishe mbio za Moshi, zile za kilomita 21!" Wote wakamgeukia Moyo wakingoja ngoma.

"Muulizeni kwanza Mzee Mfupa," Moyo akasema.

Mzee Mfupa akaomba kalenda. Akafunua kurasa, akanong'onezana na Bi Kano, kisha akaweka kidole kwenye tarehe iliyokuwa mbali kuliko alivyotaka Akili.