Ainisho la Mahindi kwa Thamani Yake

Wanaolinganisha thamani ya nafaka kati ya nchi na nchi wamepata dawa ya vurugu la sarafu. Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, FAO, lina kipimo kiitwacho dola ya kimataifa: tani ya mahindi hupewa bei ileile, iwe imevunwa Iowa, Kitale au Sumbawanga. Ya Iowa huishia kwa nguruwe na kwenye matangi ya magari, ya kwetu huishia kwenye sufuria, lakini hesabu haijali. Tuyaite mahindi ya vitabuni. Ni jamii safi kuliko zote: hayaliwi na panya, hayatobolewi na dumuzi, na hakuna aliyewahi kuyanunua.

Jamii ya pili imetutoa jasho. Kwa kanuni za FAO, nafaka ni punje iliyovunwa kavu. Hindi bichi la kuliwa huandikwa kwenye mboga. Hivyo yule bwana wa stendi anayepepea jiko kwa kipande cha boksi, akapakaza ndimu na pilipili, ni muuza mboga, ingawa hajapewa taarifa. Familia iliyobanwa na njaa ikavunja mahindi mabichi kabla ya wakati imepunguza nafaka ya taifa na kukuza sekta ya mboga, yote kwa chungu kimoja.

Mahindi ya gunia ndiyo yenye spishi nyingi. Gunia la Kenya ni kilo 90. La Tanzania ni kilo 100, au debe sita, isipokuwa likiwa lumbesa, yaani limeshindiliwa na kuongezewa kichwa hadi kufungwa kwake kunahitaji kamba na vijana wawili. Wakala wa Vipimo wameipiga vita lumbesa miaka nenda miaka rudi, nayo ingali na afya njema. Debe lenyewe si moja. La kununulia limegongwagongwa ubavuni likafura. La kuuzia limebonyea. Dalali anayamiliki yote mawili na hajawahi kuyachanganya, umakini ambao maabara nyingi zingeuonea wivu. Kuna pia spishi za majira: mahindi ya Julai, yanayouzwa harakaharaka kulipa deni la mbolea, na mahindi ya Januari, ambayo mkulima yuleyule huyanunua kwa bei inayomfanya ahesabu upya chenji. Wachunguzi wasiojua wanaweza kudhani ni zao moja. Sisi tumeyatenganisha, kwani hayajawahi kukutana katika mfuko mmoja.

Yabaki mahindi ya mpakani, ambayo thamani yake hutegemea yako upande gani wa geti. Kenya hula mahindi mengi kuliko inayovuna, kwa hiyo gunia likifika Namanga hunenepa bei bila kuongezwa punje. Lakini Machi 2021 Nairobi ilizuia mahindi ya Tanzania na Uganda kwa hofu ya sumukuvu, kisha baada ya siku chache ikalegeza kwa masharti. Katika siku hizo, mahindi yaliyokuwa yamelala kwenye malori pale mpakani yalikuwa nafaka kwa takwimu za Dodoma, sumu kwa barua ya Nairobi, na kwa dereva, mzigo unaokula posho yake.