Sufuria Yangu Yapigiwa Kura

Jana usiku watu wazima thelathini, wawili kati yao wakisomea udaktari wa falsafa, walikaa sakafuni kuijadili sufuria yangu ya ugali. Nilikuwa nimeiloweka tu. Aliyewahi kusonga anajua ukoko hauondolewi kwa nguvu. Unapewa maji na muda. Mwenyekiti akaomba kila mtu aseme anavyojisikia. Binti mmoja akasema sufuria ile imemvunjia heshima. Humu anayeunga mkono hapigi makofi, bali huinua mikono na kuchezesha vidole hewani, kimya. Hujaaibika mpaka vidole mia tatu vikuchezee kwa pamoja.

Hii ni nyumba ya ushirika ya wanafunzi, Ann Arbor, Michigan. Ushirika niliouzoea ni wa kahawa kule Moshi: babu alipeleka magunia, akasubiri malipo ya pili, wala hakuna aliyemwuliza anajisikiaje. Lakini mzizi ni mmoja. Mwaka 1844 mafundi wa Rochdale, Uingereza, wengi wao wafumaji, walichanga mtaji wakafungua duka lao la unga, siagi na sukari, kila mwanachama kura moja. Wanafunzi wa hapa wakaudaka mpango huo miaka ya 1930, uchumi ulipoanguka na kodi ikawashinda.

Na mpango wenyewe, niseme kweli, ni mtamu. Mwenye nyumba hayupo. Wenye nyumba ni sisi, kwa hiyo bomba likipasuka huna wa kumlaani. Ili kodi ishuke, kila mtu anadaiwa saa nne za kazi kwa wiki: kuwapikia wote chakula cha jioni, kuagiza mchele kwa magunia, kusugua choo, kukagua kama choo kimesuguliwa. Uzuri ni kwamba saa hazilingani. Choo cha ghorofa ya pili kinahesabiwa saa moja na nusu hata ukikimaliza kwa dakika arobaini, maana hakuna anayekitaka. Wakikikimbia tena muhula ujao, thamani yake inapanda. Nasomea uchumi, na soko lililo wazi kama choo kile sijaliona kitabuni.

Saa usiyoifanya hugeuka faini. Sufuria nayo imetozwa faini.

Hapo ndipo kicheko kinapokauka. Mwenzangu mwenyeji akitozwa, anaongeza zamu mgahawani. Mimi visa yangu ya mwanafunzi inaniruhusu kazi za chuoni tu, zisizozidi saa 20 kwa wiki wakati wa masomo; nikithubutu nje ya hapo bila kibali, naweza kurudishwa nyumbani. Nililieleza hilo mkutanoni. Hakuna kidole kilichocheza. Mwenyekiti alinishukuru kwa kushiriki.

Tena nyumba hii niliichagua kwa sifa moja, kwamba masomo na starehe vimepimwa sawasawa. Kimya ni kuanzia saa nne usiku, isipokuwa nyumba ikipiga kura kukiahirisha. Wanaopiga kura ni walioko sebuleni. Wanaotaka kulala wamelala.

Ya dagaa wangu siyasemi sana: mtu aliwala, kisha akalalamikia harufu.

Jumapili iliyopita, nikitafuta pa kuhamia, nilikwenda kula kwenye nyumba nyingine ya ushirika, ya wanafunzi wa uzamili, maana ndivyo wanavyokupima kabla ya kukupokea. Kulikuwa kimya kweli, hata vijiko vilisikika. Swali lao la kwanza lilikuwa kama napenda mikutano. Nikasema naipenda sana.