Pinda Kushoto Palipokuwa na Mti

Binamu yangu wa Mombasa alipokuja Nakuru, nilimwambia mapema kwamba sitampeleka ziwani kuona heroe. Heroe kila mtu amewaona, hata kwenye kalenda za duka la dawa. Mimi nitakuonyesha viwanda, nikasema. Mji huu umezaliwa na reli iliyofika hapa 1900, ukalelewa kwa ngano na pareto, ukapewa cheo cha jiji Desemba 2021. Mtu hawezi kuujua kwa kutazama ndege waliosimama kwa mguu mmoja.

Gari niliazima kwa shemeji. Mwongozaji nilimpata hapo hapo mtaani: jirani yetu, mstaafu wa reli, aliyetokea asubuhi hiyo na koti na tai kama mtu anayekwenda kuulizia pensheni. Akakaa mbele, akaweka bakora katikati ya magoti, akatoa amri ya kwanza.

"Nenda hadi KFA, halafu upinde kushoto pale palipokuwa na mti."

"Na sasa pana nini, mzee?"

"Sasa hapana mti."

Huo ndio uliokuwa utaratibu wa siku nzima. Mzee anaijua Nakuru barabara, ila anaijua ile ya zamani. Pinda palipokuwa na bohari. Punguza mwendo, hapa huvuka ng'ombe wa mzungu fulani. Hata hiyo KFA yenyewe ni chama cha wakulima kilichobadilishwa jina miaka ya 1980 kikaitwa KGGCU, kisha kikarudia jina lake. Raundabauti yenye jina hilo haikushughulika na mambo hayo. Watu waliendelea kuiita KFA. Mimi nilizunguka mara tatu nikitafuta mti uliokatwa kabla sijapata leseni, huku matatu zikinipigia honi na makanga mmoja akiniuliza kama nimelipwa kuizunguka.

Kituo cha kwanza kilikuwa kiwanda cha betri, Eveready, kilichofunguliwa 1967 na kufungwa 2014. Nilitaka kueleza habari za bidhaa za bei nafuu kutoka nje, lakini binamu alikuwa ameshazama katika utoto wake. Akakumbuka yule paka mweusi wa betri hizo, na jinsi betri za redio zikiisha nguvu nyanya yao alivyozianika juu ya paa pamoja na dagaa, kisha akamtuma mtu kuzing'ata. "Na zilikuwa zinafufuka!" akasema. Mzee akaitikia kwa kichwa, kama fundi anayethibitisha kanuni ya kisayansi.

Kwenye lango jingine, ambalo silitaji, soja alitoka kibandani kabla sijazima gari.

"Hakuna kazi."

"Hatutafuti kazi, kaka. Tumekuja kuangalia."

"Kuangalia nini?"

"Jengo."

Akageuka, akalitazama jengo kwa muda, mabati yake na madirisha yake yaliyovunjika, akaturudia sisi kwa huruma. "Mmekula lakini?"

Mzee hakukasirika. Alikuwa ameshaanza habari za pareto: ua jeupe lenye moyo wa njano, linachumwa, linakaushwa, sumu ya kuua mbu iko humo humo kichwani. Kuna wakati Kenya ndiyo iliyokuwa ikiongoza duniani kwa zao hilo, na magunia yake yaliteremka kutoka Molo kwa mabehewa. Vumbi lake lilikuwa likimpigisha chafya hadi stesheni. Akatuonyesha jinsi alivyokuwa akipiga. Chafya ya tatu haikuwa ya maonyesho, na kioo changu cha mbele kinaweza kutoa ushahidi.

Mchana binamu akalalamika. Viwanda vyote tulivyoona tumeviona kwa nje ya ua. Hakuna hata kimoja mtu anachoweza kuingia? "Kipo," akasema mzee. "Huko karibu na Gilgil."

Tukashika barabara ya Nairobi. Tulipofika Lanet, mzee akasema tusimame, injini inywe maji. Nikacheka. Kufika Mbaruk akarudia. Nikamweleza kwa upole kwamba magari ya siku hizi si gari moshi. Baada ya Elementaita, tukiwa nyuma ya lori la saruji, mshale wa joto ukapanda, na boneti ikaanza kutoa moshi mweupe. Tulijikokota hadi kando ya ua wa Kariandusi, gari likazima lenyewe.

"Msiguse mpaka ipoe," mzee akaamuru. Binamu hajawahi kufanya kazi reli. Alikizungushia kifuniko cha rejeta kikoi chake, akakifungua. Mvuke ukalia kama gari moshi la Garratt linalotoka stesheni, binamu akaruka nyuma, na kifuniko kikapaa juu ya ua.

Basi tukaingia kukitafuta, na kweli kilikuwa kiwanda. Louis Leakey alikigundua mwaka 1928: mashoka ya mawe, mengine ya kioo cheusi cha volkano, yamelala pale pale yalipofukuliwa, kazi ya mafundi wa mamia ya maelfu ya miaka iliyopita. Wataalamu huuita ufundi huo Acheul, kwa jina la mtaa mmoja wa Ufaransa. Si vibaya, Nakuru nasi tuna mtaa wetu unaoitwa London. Jirani yake ni machimbo ya diatomaiti, udongo mweupe wa vijimea vya ziwa la kale, ambao hutumika kuchujia hata bia. Upepo ulipovuma, koti la mzee likawa la mwoka mikate.

Mzee aliyatazama yale mashoka bila kusema "palikuwa na". Hakuwa na la kusahihisha.

Kifuniko hatukukiona. Tulipoanza kupekua nyasi, mhudumu akatuambia kwa adabu kwamba hapa hakiokotwi kitu, wala hakisogezwi.

Tuliziba rejeta kwa gunzi la mahindi lililovikwa kitambaa, tukarudi Nakuru mwendo wa kobe, tukisimama kunywesha injini. Kila tuliposimama mzee alishuka, akajinyoosha tai, akatangaza kwa sauti: "Elementaita!" Kisha "Mbaruk!" Kisha "Lanet!" Tulitumia saa tatu. Hajawahi kuwa na safari nzuri kama hiyo tangu astaafu. Alituambia hivyo mwenyewe.

Ukienda Kariandusi ukaona katikati ya mashoka kitu cha duara, cha chuma, chenye maandishi ya kuonya watu wasikifungue kikiwa moto, hicho si cha wahenga. Ni cha shemeji yangu, na bado anakiulizia.